Hodi Bila Karibu



Mwezi huu nataka kujibu swali ambalo vijana wanauliza sana. Siku hizi si kampuni kubwa tu ziko na tovuti, au "siti" kama vijana wanavyosema. Kwaya inaitaka, shule inaitaka, kituo cha afya, kooperative ya wachimbaji, hata parokia. Kijana anayejua ordinateri anakaa siku chache, picha zinawekwa, historia ya kanisa inaandikwa, na mwishoni anauliza: "Baba mchungaji, tuweke na mahali pa watu kutuandikia?" Anataka kusema fomu ya mawasiliano: visanduku vitatu vinne vya kujaza, jina, namba, ujumbe, na chini yake kitufe cha "Tuma".

Jibu langu ni hili: ndiyo, muweke. Lakini kwanza mjue ni kitu gani mnaweka. Kwetu mgeni akifika kwenye kiwanja anasema "Hodi", na mwenye nyumba anaitika "Karibu". Fomu ile ni mahali pa kupigia hodi. Kuitengeneza ni kazi ya jioni moja. Kuitika karibu ni kazi ya kila juma, mwaka hata mwaka. Juu ya kazi hii ya pili watu hawasemi sana, na ndiyo inayovunja watu moyo.

BARUA ZA KABAMBARE

Sisi wa upande huu tunajua uzito wa barua. Mwaka 1870 msafiri Mskoti David Livingstone alikaa hapa kwetu, mahali alipopaandika "Bambarre". Vidonda vya miguu vilimzuia miezi mingi, mpaka mwezi wa pili wa 1871. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa maneno mengine, na hata wino ulipokwisha akatumia rangi ya mmea. Barua yake moja ya tarehe 5 Februari 1871, kwa rafiki yake Horace Waller, wino wake ulififia hata macho ya mtu hayakuweza tena kuisoma vizuri. Wataalamu waliitoa yote mwaka 2010 tu, kwa kuipiga picha kwa mianga mbalimbali.

Na zile barua alizoandikiwa yeye? Mfuko mmoja ulikuwa na alama ya tarehe 1 Novemba 1870. Ulitoka pwani, ukafika Unyanyembe, karibu na Tabora, ukalala pale. Stanley aliukuta na kumpelekea Ujiji mwisho wa 1871, mwaka mzima umepita. Aliyeandika hakukosa kitu: barua imefungwa, jina la mwenyewe liko. Ilikosa tu mtu wa kuitwaa pale ilipolala na kuifikisha.

Wazee wetu walijua tena foni ya misheni. Saa ya foni ikifika, mmoja anakaa na kalamu, anaandika habari ya msiba au ya ugonjwa, kisha anatuma mtoto na kinga kutafuta mwenye habari. Foni ilifaa kwa sababu ya yule mwenye kalamu na yule mwenye kinga.

Halafu vita vilipotawanya jamaa, wengi wa mashariki ya Kongo walijua karatasi ya Msalaba Mwekundu. Ile pia ni fomu. Unajaza jina lako, jina la unayemtafuta, jina la baba yake na la mama yake, mahali alipokuwa akikaa mwisho. Kisha unaandika habari za jamaa tu: nani yu hai, nani amezaa, nani amefariki. Haifungwi, inaweza kusomwa, kwa hiyo hakuna siasa wala habari za askari ndani yake. Wajitoleaji wanaibeba, na aliyeandikiwa anaweza kujibu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili (1939–1945), karatasi ya raia ilikuwa na nafasi ya maneno 25 tu, na maneno hayo 25 yalitosha kumfanya mama alale usingizi.

Nyuma ya karatasi zile kulikuwa na watu wengi. Katika vita vya 1914–1918, ofisi ya Msalaba Mwekundu kule Geneva iliandika kadi karibu milioni 7, kwa habari za wafungwa milioni 2 hivi. Kila kadi iliandikwa na mtu.

FOMU INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Jambo la kushangaza kidogo, tovuti nazo zilianzia Geneva. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa wazo lake mwaka 1989, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN. Visanduku vya kujaza viliingia katika kanuni za lugha ya tovuti mwaka 1995.

Ukibonyeza "Tuma", maneno yako yanapita hatua tatu. Kwanza, telefone yako inayatia kama katika bahasha na kuyapeleka kwa seva, yaani ile ordinateri inayotunza tovuti. Inaweza kuwa Ulaya au Marekani. Pili, programu ndogo iliyo pale inayapokea na kuangalia: jina liko? namba imejazwa? Tatu, inafanya moja ya mambo mawili: inatunza ujumbe ndani ya seva, ao inautuma kama barua-pepe kwa mtu mliyemchagua. Ndipo ukurasa unaandika: "Asante, ujumbe wako umepokelewa."

Muangalie vizuri. Neno lile "Asante" linasemwa na mashini. Halisemi kwamba mtu amesoma. Lakini mama aliye Kasongo akilisoma, anadhani kanisa limemsikia.

Tuseme mtoto wake aliondoka kwenda kutafuta zahabu. Alianza Salamabila, wakati kampuni ya Banro ilipokuwa na kazi pale Namoya. Kampuni ilianza kuzalisha kwa biashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi, na katika miaka ile usalama wa Salamabila haukuwa mzuri. Watu wakasema mtoto amevuka kwenda Misisi, upande wa Fizi. Kisha kimya. Mama anaomba kijana wa jirani amwandikie kwenye siti ya parokia ya kule. Anatumia mega za jirani, anatuma, anaona "Asante". Anangoja juma moja, mwezi mmoja, miezi mitatu. Kama pasingekuwa na fomu, angetafuta njia nyingine: angempa dereva wa moto barua, angekwenda kwa Msalaba Mwekundu, angepanda kwenda mwenyewe. Kwa ajili ya "Asante" ile amekaa nyumbani anangoja. Ndiyo maana nasema hodi bila karibu si jambo dogo.

UULIZE KIDOGO

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kijana, usiweke visanduku kumi na viwili kwa sababu umeona vingine vikiwa hivyo. Kila kisanduku kiwe na kazi. Msalaba Mwekundu wanauliza jina la baba na la mama kwa sababu majina ya watu yanafanana, na bila wazazi hawawezi kumpata. Wewe wa kwaya, unataka tarehe ya kuzaliwa ya nini?

Kwa parokia, shule au kooperative vinatosha vinne: jina, namba ya telefone ao anwani ya imeli, tukipiga tumwite nani, na ujumbe. Kile cha tatu ni cha kwetu kabisa. Hapa mama wengi hawana telefone yao, wanatumia ya mtoto ao ya jirani. Ukipiga bila kujua unayemwita, utaulizwa "wewe ni nani?" na simu itakatwa.

Tena, usilazimishe imeli. Fomu nyingi zinakataa kwenda mbele kama huna imeli. Kwa kisanduku kimoja hiki umewafungia nje karibu mama wote na wachimbaji wengi. Acha mtu achague: telefone ao imeli, kimoja kinatosha.

Na uandike kwa Kiswahili. Nimeona fomu zetu zilizoandikwa "Objet" na "Envoyer" kwa watu wasiosoma Kifaransa. Kuandika "Unataka kusema nini?" na "Tuma" haigharimu hata falanga moja.

JINA LA MTU NI AMANA

Katika maeneo ya mashimo, jina juu ya karatasi linaweza kumletea mtu hatari. Mchimbaji anaandika kwamba mnunuzi fulani anacheza na mizani. Mwingine anaandika habari ya watu wenye silaha walio njiani. Barua ile ikitangatanga, aliyeandika ndiye atakayeumia. Kwa hiyo muangalie mambo haya.

Moja: kisanduku cha jina kisiwe cha lazima. Asiyetaka kusema jina aachwe.

Mbili: anwani ya tovuti ianze na https. Maana yake maneno yanasafiri yamefungwa, hata wa njiani asiweze kuyasoma. Zamani cheti cha https kilikuwa cha kununuliwa. Tangu 2016 hivi kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, na wenye seva wengi wanakiweka wenyewe.

Tatu: ujumbe usipelekwe kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya ao ya wazee. Hapa ndipo siri nyingi zinamwagika. Mmoja anaupeleka kwa mke wake, mke kwa dada yake, jioni sokoni wote wanajua.

Nne: juu ya mtoto aliyeumizwa ao mama aliyetendewa jeuri, andika wazi juu ya fomu: "Usieleze habari yote hapa. Andika tu kwamba unataka kuonana na mama wa kanisa." Na ukimpigia kwa telefone ya jirani, usimwambie jirani neno.

Nchi yetu pia iko na sheria. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumza juu ya kulinda habari za watu. Mwenye kukusanya majina ya watu anapashwa kujua anayakusanya ya nini, na kuyalinda. Ujumbe uliokwisha kujibiwa na usiohitajiwa tena, ufutwe.

BARUA INAYOPOTEA NDANI YA MASHINI

Vijana wengi wanatengeneza tovuti kwa WordPress, iliyoanza mwaka 2003, na fomu kwa programu ya nyongeza iitwayo Contact Form 7, kazi ya Mjapani Takayuki Miyoshi tangu 2007. Ni ya bure na ni nzuri. Lakini ujue jambo moja: yenyewe haitunzi ujumbe ndani ya tovuti, inautuma kwa imeli tu. Imeli ikipotea, ujumbe umepotea, hakuna nakala. Mwenyewe Miyoshi ametoa programu nyingine ya kuutunza, Flamingo. Iweke pamoja nayo. Wengine wanatumia fomu za Google, ambazo zinapanga majibu katika meza yenye mistari. Hizo nazo zinafaa kwa kazi ndogo.

Imeli inapotea namna gani? Mara nyingi ni hivi: kijana anapanga fomu ili barua ionekane imetoka kwa anwani ya aliyeandika, tuseme ya Gmail ya mama yule. Gmail ikiona barua inajiita ya Gmail na imetoka kwa seva isiyojulikana, inaiona ni ya mdanganyifu, inaitupa katika takataka. Dawa yake: barua itoke kwa anwani ya tovuti yenyewe, na anwani ya aliyeandika iwekwe mahali pa "jibu kwa". Jambo dogo, lakini limemeza barua nyingi.

Tena kuna roboti, programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaza fomu za watu na matangazo ya uongo. Mwaka 2003 Luis von Ahn, mtu wa Guatemala, na wenzake wa Marekani waliandika juu ya mtihani waliouita CAPTCHA: mtu alionyeshwa maandishi yaliyopindika, akayasoma, roboti za wakati ule zikashindwa. Lakini picha zinakula mega, na rezo yetu ikiwa hafifu hazifunguki. Kwetu uanze na mtego rahisi: weka kisanduku kisichoonekana kwa macho. Mtu hawezi kukijaza, kwa kuwa hakioni. Roboti inajaza kila kitu, na ikikijaza kile, imenaswa kama panya.

Ukimaliza, jaribu. Tuma ujumbe kwa telefone ndogo, si kwa ordinateri yako tu. Tuma ukiwa mahali rezo ni mbaya. Uangalie na katika takataka. Kisha rudia jaribio hili kila mwanzo wa mwezi, kwa sababu fomu inaweza kufa bila kulia: ukurasa unaonekana vilevile, kitufe kiko, na hakuna kinachofika.

USIACHE NJIA NYINGINE

Fomu isiwe mlango wa pekee. Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi: intaneti ilikatwa katika nchi nzima, na SMS pia, karibu siku ishirini. Siku zile hakuna fomu iliyofanya kazi. Kwa hiyo karibu na fomu andikeni namba ya telefone ya biro (ya biro, si ya mtu binafsi), siku na saa za kazi, na mahali biro iko, kwa maneno ambayo hata mgeni atafahamu: "nyuma ya shule, karibu na soko". Msalaba Mwekundu nao wako na tovuti ya kutafuta jamaa. Hawakuacha kutembea kwa miguu kwa sababu ya tovuti.

NANI ATAITIKA?

Nimeliacha hili la mwisho kwa kuwa ndilo kubwa. Wazazi na wazee wa kanisa, msimwachie kijana peke yake. Kwa desturi inakuwa hivi: kijana anatengeneza siti, anaweka imeli yake mwenyewe na neno lake la siri. Mwaka unaofuata anakwenda kusoma Bukavu ao Lubumbashi, ao anakwenda mashimoni. Barua zote zinamfuata katika telefone yake kule, na akibadili telefone zinapotea kabisa. Hakufanya ubaya. Hakuna aliyemwambia akabidhi funguo.

Basi kabla ya kufungua fomu, kaeni katika baraza na mpange:

Watu wawili watajwe, si mmoja, na mmoja wao awe mama, kwa sababu kuna mambo mwanamke hatamwandikia mwanaume. Siku mbili katika juma ziwekwe za kusoma. Daftari moja la karatasi liwe bironi: tarehe ujumbe ulipofika, tarehe uliyojibiwa, nani alijibu. Siri usiiandike humo, tarehe tu. Maneno ya siri ya tovuti na ya imeli yafungwe katika bahasha, yatunzwe na karani pamoja na mihuri ya kanisa. Na pesa ya mega itoke katika kasha la biro, maana kijana asiye na mega hatajibu hata kama ana moyo mzuri.

Kisha mrekebishe lile "Asante" la mashini. Badala ya "ujumbe wako umepokelewa", andikeni kweli: "Ujumbe umefika kwenye mashini. Tunasoma siku ya Jumanne na Ijumaa. Kama hujapata jibu baada ya siku kumi, piga namba hii." Sasa mama wa Kasongo anajua angojee muda gani, na anajua wakati wa kutafuta njia nyingine.

Na jibu lenyewe? Si lazima muwe na habari njema. "Tumeuliza Misisi, hawajamwona bado, tutauliza tena mwezi ujao" ni jibu. "Jambo hili si la kwetu, nenda kwa chefu wa sekta" ni jibu pia. Ubaya ni kunyamaza.

Na kama baraza likiona hakuna wawili wa kuitika, msione haya: acheni fomu. Wekeni namba ya telefone na saa za biro, inatosha kabisa.

Ninyi ambao tovuti yenu iko tayari, nawapa kazi ya mwezi huu. Leo jioni mwombeni mtu wa mbali, asiyejulikana na wenye kusoma ujumbe, awaandikie kwa fomu yenu swali la kweli. Kisha mhesabu siku. Zikipita kumi bila jibu, mlete jambo hili katika baraza la Jumapili inayofuata, na daftari mkononi.